Nusu ya Namba

Alfajiri ya safari, Pindo alishona pesa. Alizilaza noti bapa ndani ya pindo la shimizi, akapitisha mshono mrefu wa mkono, ule wa kushikizia tu, ambao ukivuta uzi mmoja unafumuka wote. Kisha akatembea chumbani, hatua sita kwenda na sita kurudi, akitega sikio. Hazikuchakarika. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Unatembea kama bata."

"Bata mwenye pesa, dada."

"Na usichekecheke na watu njiani. Wewe ukicheka unajipiga mapaja."

Jina la Pindo alipewa na mama yao, kwa sababu tangu usichana wake mapindo aliyoshona hayakuonekana upande wa juu hata ukiyatafuta kwa miwani. Dada yake aliitwa Mkasi. Yeye ndiye mkataji, na ulimi wake nao ulikuwa umenolewa. Mama alikuwa amefariki, lakini jina lake lilikuwa bado juu ya mlango wa kiwanda chao cha ushonaji, chumba kimoja kirefu chenye cherehani tatu na meza ya kukatia. Kila mwaka Mkasi alipanda ngazi mwenyewe kulipaka rangi upya. Hakumwamini fundi yeyote kwa herufi zile.

Safari ilikuwa ya siku moja, kwenda na kurudi. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimewapa kazi ya majoho arobaini ya mahafali, ya buluu ya wino, na mkuu wa chuo alikuwa ameandika barua yenye mhuri. Mahafali yalikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Majoho ishirini na mawili yalikuwa yametundikwa, yamepigwa pasi. Kumi na manane yalikuwa bado hewani, maana kitambaa kiliisha, na muuzaji wao wa siku zote akawaletea buluu nyingine. Mtu wa kawaida angeapa kuwa ni ileile. Mkasi aliitandaza kando ya joho lililokwisha, akafungua dirisha, akatamka neno moja:

"Maiti."

Kitambaa kilichotiwa rangi siku nyingine, katika pipa jingine, hakifanani na mwenzake kikifika juani. Wauguzi arobaini wangejipanga uwanjani, na watu wangeona makundi mawili, na wangeuliza ni nani aliyeshona. Kiwanda kile kiliwahi kukosa umeme na kiliwahi kukosa wateja. Hakikuwahi kuaibika.

Majora mawili ya mwisho ya rangi ileile yalikuwa ng'ambo ya mpaka, katika duka la jumla. Mwenye duka alisoma kwa simu namba iliyochapwa kwenye ukingo wa kitambaa, ikalingana na yao. Akataja bei. Akasema atayaweka hadi Jumatano saa saba mchana, baada ya hapo ni ya atakayetangulia.

Pindo alikuwa ameshavaa viatu Mkasi alipomnyooshea kadi ya benki ya kiwanda.

"Chukua na hii."

"Ya nini? Pesa zinatosha."

"Mpakani huwa wanauliza mtu ana uwezo gani. Sasa utawafunulia shimizi? Waonyeshe kadi."

"Na namba?"

Mkasi alimtazama. "Nimesema ya kuonyesha."

Pindo akaitia kwenye pochi. Kuhusu namba ya kadi ile, maneno yalikuwa yamekwisha miaka sita nyuma. Wakati huo mume wa Pindo, mtu mcheshi aliyependwa na wakwe zake, alichukua kadi ya kiwanda kwenye mkoba wa mkewe, na namba alikuwa ameambiwa na mkewe mwenyewe kwa mapenzi, akafagia akaunti yote siku ya Ijumaa. Jumatatu hakuwepo yeye wala sanduku lake; alimwachia Pindo mtoto wao mdogo tu. Hajaonekana tena. Mama alilipa madeni ya vitambaa kwa kuuza kiwanja chake, na hakuna mtu wa nje aliyepata kujua. Kisha akawaita binti zake wawili, akaweka sheria. Kadi mpya ingekuwa na namba mbili za Mkasi mwanzoni, na mbili za Pindo mwishoni. Hakuna atakayemwambia mwenzake. Walipohitaji pesa walikwenda mashineni wote wawili. Mkasi alibonyeza zake Pindo akiwa ametazama mlangoni, kisha wakabadilishana nafasi kama walinzi wa lindo. Mama alipofariki sheria ilibaki. Ilisemwa kuwa ni ya wote wawili. Pindo alijua ni ya nani.

Mpakani basi lilisimama, watu wakashuka kupanga foleni. Afisa alimuuliza Pindo anakwenda kufanya nini, atakaa siku ngapi, ana fedha kiasi gani. Alipoonyeshwa kadi aliitazama mbele tu, akagonga mhuri. Kweli dada anajua mambo, Pindo alijiambia. Aliingia chooni, akavuta uzi, pindo likafumuka, akatoka na bunda mkononi mpaka kwenye dirisha la kubadilishia fedha. Huko alipewa noti za wenyewe, nyingi na mpya, na risiti.

Alikumbuka simu walipokwisha kuvuka daraja la mpakani. Alitaka kumwambia dada kuwa amepita salama. Simu ilimwandikia kwamba hakuna mtandao. Laini yake haikuwa imeandaliwa kutumika nje, na katika maandalizi yao yote, ya uzi na noti na pasi ya kusafiria, hakuna hata mmoja aliyewaza jambo hilo.

Alifika dukani saa sita kasoro robo. Majora yalipangwa mpaka darini, na harufu ya kitambaa kipya ilimfanya atembee polepole kidogo, kama mtu aliyeingia nyumbani kwao. Mwenye duka alikuwa mzee mnene, kalamu sikioni. Aliyashusha majora mawili mwenyewe. Pindo alitoa kipande alichobeba, akakipeleka na jora moja hadi mlangoni penye mwanga, akaviweka ubavu kwa ubavu. Hakuona mpaka kati yao.

"Ni chenyewe," alisema.

"Nilikuambia, mama. Mimi sidanganyi rangi." Mzee akaandika hesabu kwenye karatasi, akaisukuma mbele yake.

Pindo akaisoma mara mbili. "Mbona imepanda, baba? Kwa simu hukuniambia hivi."

"Ile ilikuwa bei ya wiki iliyopita. Imeshazikwa. Mzigo mwingine hauji mpaka mwezi ujao, na kila mtu anataka."

Alihesabu alichokuwa nacho. Kilitosha jora moja, na la pili zaidi ya nusu. Akaomba akatiwe. Mzee akacheka kwa huruma.

"Mimi ni wa jumla, mama. Jora langu halionji mkasi humu ndani."

"Basi nipunguzie. Ni majoho ya wauguzi, baba. Kesho keshokutwa ndio watakaokuchoma sindano."

"Ndio maana nataka wawe wamevaa kitambaa kilicholipiwa."

Jora moja lingetoa majoho tisa. Wauguzi tisa wengine wangekaa uwanjani na nguo zao za nyumbani, au wangevaa maiti. Pindo alikuwa bado anapiga hesabu hiyo, kana kwamba ingebadilika, mwanamke mmoja alipoingia na mkoba mkubwa begani, akaenda moja kwa moja kwenye majora mawili na kuyapapasa. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na mzee alimjua.

"Haya ndiyo niliyokuulizia," alisema. "Hoteli yangu inataka buluu hii. Nina pesa taslimu."

"Yamewekwa. Mama huyu ana mpaka saa saba."

Mwanamke wa mapazia alitazama saa ya ukutani, akavuta kigoda, akakaa. "Basi tutapumzika kidogo. Miguu inaniuma."

Hapo ndipo Pindo alipotoa kadi. Mzee akafurahi, akapangusa mashine ndogo ya kadi kwa kiganja, akaingiza kiasi kilichopungua, akamgeuzia. Kioo kilimwomba namba ya siri. Pindo alisimama akiwa na kidole hewani.

"Baba, naomba kwanza simu yako. Yangu haina mtandao. Nampigia dada yangu mara moja tu."

Simu iliita mara tatu, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa upesi zaidi. Pindo alifumba macho. Mkasi hakupokea namba asiyoijua hata iwe ya nchini. Hii ya nje kwake ilikuwa wizi mtupu. Alijisifia jambo hilo mbele ya wateja.

"Mwandikie ujumbe," alisema mwanamke wa mapazia kutoka kigodani, ambaye sasa alikuwa anafuatilia kama mchezo wa redioni.

Pindo akaandika: *Dada, ni mimi Pindo, natumia simu ya dukani. Pesa imepungua. Niandikie namba zako mbili za kadi haraka.* Akautuma. Alipousoma tena baada ya kutuma, aliliona kosa lake. Kila tapeli duniani aliandika hivyohivyo.

Jibu halikuchelewa. Mzee ndiye aliyelisoma kwa sauti, maana simu ilikuwa yake.

"'Mwizi mkubwa wewe, umekosea nyumba. Hizo namba hata mdogo wangu wa tumbo moja hazijui, sembuse wewe. Tafuta kazi.'"

Mwanamke wa mapazia alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo dada yako nampenda! Mlete hapa anilindie duka!"

Pindo hakucheka. Aliandika ujumbe wa pili, akataja jambo la utotoni ambalo mwizi asingelijua, la kovu la Mkasi chini ya goti. Ujumbe ulikataa kwenda. Mzee alivaa miwani, akabonyezabonyeza.

"Amenifungia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Mimi! Sijawahi hata kumwona."

"Tumia yangu," mwanamke wa mapazia alisema, kisha akaitazama simu yake. "Aa. Salio sina la kupiga nje. Na hata ningekuwa nalo, shoga, atakuona mwizi wa pili wa genge lilelile."

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Basi la kurudi lilikuwa saa nane na nusu, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka kesho yake.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Pindo hakuwahi kumwambia mtu. Hata mama yake kaburini hakumwambia. Mwaka wa kwanza wa sheria ile, siku moja ya mvua, wakiwa mashineni, yeye akitazama mlangoni kama ilivyopasa, nje kulikuwa kumefunga giza la mawingu na mlango wa kioo ukawa kama kioo cha kujitazamia. Mkasi alikuwa amejisogeza kando kutafuta miwani yake. Pindo akaona vidole vya dada yake vikigusa mara mbili. Hakutaka kuona. Tangu siku hiyo, kila walipokwenda, alifumba macho kabisa, akawa anasimama pale mlangoni kama kipofu anayesubiri kuvushwa. Lakini alichokiona kilikuwa kimeshakaa.

*Hata mdogo wangu wa tumbo moja hazijui.* Dada alikuwa ameandika hivyo kwa fahari, na fahari yenyewe ilikuwa juu yake. Baada ya miaka sita, hatimaye Mkasi alikuwa na hakika. Akibonyeza namba zile, hakika hiyo inakufa leo, saa hiihii, maana benki ilituma ujumbe kwa simu ya Mkasi kila kadi ilipotumika. Dada angesema nini? Angesema kwamba mke amejifunza kwa mumewe. Asingelisema kwa sauti. Angelisema kwa kukata kitambaa kimya kimya, siku baada ya siku, mpaka mmoja wao azeeke.

Na asipobonyeza, Jumamosi watu watauliza ni nani aliyeshona, na watatajiwa jina la mama lililo juu ya mlango.

"Mama," alisema mzee wa duka, taratibu, "dakika saba."

Pindo akavuta mashine karibu. Akafunika kwa kiganja, ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama ila Mungu. Saba. Sita. Kisha zake mbili. Akabonyeza kitufe cha kijani.

Mashine ilifikiri. Ikalia mlio mfupi wa hasira. Namba si sahihi.

Jambo la ajabu ni kwamba aliona afueni. Ilimshukia mabegani kama mtu aliyetuliwa ndoo. Kumbe hakuzijua! Miaka yote alikuwa amejitesa kwa siri isiyokuwepo. Angeweza kurudi nyumbani na jora moja, akamtazama dada machoni, akasema sikuweza, kwa sababu sikujua. Mwanamke wa mapazia alikuwa tayari ameinuka kwenye kigoda, anafungua mkoba.

Lakini mikono ya mshonaji ina akili zake. Pindo alikuwa amegeuza nguo upande wa ndani tangu akiwa na miaka tisa. Alijua kuwa mkono wa kulia wa gauni ukiligeuza unakuwa wa kushoto. Naye siku ile hakuona mashine. Alikuwa ameiona kwenye kioo. Saba iko kushoto. Kumbe iliyoguswa ilikuwa kulia. Na sita vilevile, upande wa pili.

Alitamani asingekuwa na akili hiyo.

"Subiri, dada," alimwambia mwanamke wa mapazia.

Tisa. Nne. Mbili zake. Mashine ilifikiri kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, au ndivyo alivyoona. Kisha karatasi ikaanza kutoka, ikikereza kidogo kidogo, na mzee akaishika kwa vidole viwili kama mkunga.

"Imekubali," alisema.

Mwanamke wa mapazia alifunga mkoba. Hakukasirika. Alimtazama Pindo usoni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mbona huipokei risiti yako? Umelipa, shoga, hukuiba."

"Dada yangu hakunipa namba. Nimezitia mwenyewe."

Mzee na mwanamke wakatazamana. Mzee alikunja risiti mara nne, akampa. "Mwambie mashine yangu haikuuliza namba," alisema. "Ziko ambazo haziulizi. Mimi nikiulizwa nitasema hivyohivyo. Ila nani ataniuliza? Nimeshafungiwa."

Maneno hayo alipanda nayo basi. Yalikuwa mazuri, mafupi, na hayangemgharimu mtu kitu. Majora mawili yalikaa kwenye kiti cha pembeni alichokilipia kama abiria, na njia nzima aliyajaribu maneno mdomoni. Mashine haikuuliza namba, dada. Basi tu, nikaweka kadi, ikakubali. Dada angeamini. Hakuzijua mashine, aliziogopa. Ni uongo mdogo kama tundu la sindano, na ungeinusuru nyumba nzima.

Walipofika nusu ya daraja simu ilizinduka. Ililia mara kumi na moja mfululizo mpaka abiria wa mbele akageuka. Simu kumi na moja zisizopokelewa, zote za Mkasi. Kabla Pindo hajapumua ikaita.

"Pindo! Pindo, ni wewe? Ongea nikusikie sauti!"

"Ni mimi, dada."

"Uko hai?" Mkasi alikuwa analia. Pindo hakuwa amemsikia akilia tangu msiba wa mama. "Wamekufanya nini? Wamekupora kadi, nimeona ujumbe wa benki, na kabla yake jambazi ameniandikia ana simu ya nje, anajua mpaka jina lako. Nikajua wamekukamata. Niko hapa kituo cha polisi nimevua hata kilemba, naambiwa ningoje. Wamekupiga?"

"Hakuna aliyenikamata, dada. Nimekaa kwenye basi. Kitambaa ninacho, majora yote mawili."

"Na kadi?"

"Ninayo."

"Sasa nani ametoa pesa?"

Basi lilikuwa linashuka darajani. Mbele kulikuwa na kizuizi na maafisa wa upande wa kwao. Pindo aliyatazama majora. Maneno ya mzee yalikuwa yamekaa tayari ulimini, yamepigwa pasi. Akaona kwamba akiyasema, dada ataendelea kuwa na hakika naye, na kila siku atakapoiona hakika ile usoni mwa dada atajua ni nguo iliyokodishwa.

"Nimetoa mimi. Aliyekuandikia ni mimi, kwa simu ya dukani. Ulipokataa nikatia namba zako mwenyewe."

Upande wa pili Pindo alisikia mtu kituoni akipiga chafya.

"Namba zangu."

"Ndiyo, dada."

"Umezipata wapi?"

"Nilikuona siku moja kwenye kioo cha mlango. Sikukusudia. Mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza," Mkasi alirudia. Kulikuwa na sauti ya kiti kikisukumwa. Kisha, kwa sauti kavu ya mtu anayezungumza na mteja: "Angalia wasikufungulie jora wakalichafua hapo kizuizini. Tunakata usiku huuhuu." Akakata simu.

Walikata. Walishona siku mbili, na katika siku hizo Mkasi hakusema ila maneno ya kazi: leta, shika, geuza, bega la kushoto limekaza. Hakuna mteja aliyegundua. Nyumba hiyo haikuwahi kugombana mbele za watu, na haikuanza wakati huo. Jumamosi wauguzi arobaini walisimama juani na buluu yao ikawa moja tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, na mkuu wa chuo akaja kuwashika mikono wote wawili kwa pamoja. Walitabasamu. Walirudi nyumbani wamekaa pande mbili za kiti cha teksi, katikati yao mkoba.

Jumatatu asubuhi Mkasi alitoka peke yake, akarudi na bahasha nene ya benki. Alikuwa ameomba taarifa ya akaunti ya miaka sita yote. Alikaa kwenye meza ya kukatia, akachukua chaki ya fundi na rula, akaanza. Kila pesa iliyotoka aliilinganisha na daftari la kiwanda, akaweka alama, akashuka mstari. Pindo alikuwa cherehanini akibadilisha zipu ya sketi ya mtu. Aliishona zipu ile mara tatu na mara tatu akaifumua. Hakuogopa kitakachoonekana, maana alijua hakuna. Aliogopa kwamba dada aliona haja ya kutazama. Karatasi ziligeuzwa moja moja. Saa nne ikapita. Saa tano.

Karibu na saa sita chaki ilisimama.

"Pindo."

"Naam, dada."

"Mwezi wa nane, mwaka juzi. Wiki hii ya pili. Si ndiyo wiki ambayo mwanao alilazwa?"

"Ndiyo."

"Ijumaa ulinijia hapa unataka pesa ya daktari." Mkasi hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Nikakuambia miguu imechoka, tungoje Jumatatu tuende mashineni pamoja."

"Ndiyo, dada."

"Na hapa hakuna kitu. Ijumaa hakuna, Jumamosi hakuna, Jumapili hakuna." Kidole chake kilikuwa kinashuka juu ya nafasi tupu, kikipanda, kikishuka tena. "Ulifanyaje?"

"Niliuza cherehani yangu ya nyumbani. Ile ndogo."

"Uliniambia imeharibika."

"Nilikuambia hivyo."

"Na kadi ilikuwa humu kwenye droo, haijafungwa. Na namba ulikuwa nazo. Mtoto yuko kitandani."

Pindo alitaka kusema jambo refu. Alitaka kumweleza jinsi alivyoisimamia droo hiyo jioni ile, na mkono wake ulifika wapi. Lakini dada alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa pindo la sketi ya mteja mwingine iliyokuwa mezani, yeye ambaye angemfukuza mtu yeyote kwa kosa hilo, na alikuwa hajitambui anachofanya.

"Mbona hukuzitumia?" Mkasi aliuliza.

"Zilikuwa zako, dada."